Gunia Lililorudi Kibugu

Mwaka wangu wa kwanza kama karani wa kanisa nilituma lori zima la kabichi kwa watu wasio na maji ya kupikia. Naanza na hilo kwa sababu mtalisikia tu kutoka kwa wengine, na hao hulitia chumvi.

Ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili kule Kiambere, nasi huku Kibugu, chini ya msitu wa mlima, tulikuwa tunavaa sweta mbili mbili. Mchungaji akaniita: "Wambeti, pesa za mfuko wa huruma ziko. Nunua chakula, kiende kesho kutwa." Nikatazama dirishani nione chakula kiko wapi. Nikaona kabichi. Shamba lililopakana na kanisa lilikuwa limejaa kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Nilipiga hesabu mara tatu, nikaona nimeliokolea kanisa pesa nyingi, nikajisifu siku nzima.

Lori lilipasuka gurudumu karibu na Kiritiri, likakaa hapo juani siku nzima. Kabichi zikafika zimejipika zenyewe. Waliopelekewa walikuwa wanatembea nusu siku kushuka bwawani na kurudi na mtungi mmoja wa maji, na hakuna mwenye akili ambaye angeyamwaga maji hayo kuoshea kabichi. Wakawapa mbuzi. Barua ya shukrani ililetwa na mzee wa kanisa la kule, imeandikwa kwa adabu kabisa: "Kabichi tumezipokea. Mifugo inashukuru."

Kosa lenyewe halikuwa kabichi. Kosa ni kwamba nilikuwa sijawahi kukanyaga Kiambere, wala sikuwa na mpango wa kwenda. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Embu mjini tu naanza kuwaza nguo nilizoanika. Nilidhani mtu anaweza kuwasaidia watu akiwa amekaa kwenye kiti chake, mradi ana moyo mzuri na kikokotoo.

Kawira, ambaye ameshika kiti changu tangu nilipostaafu, ameniomba niandike machache kwa ajili yake na makarani wengine vijana. Alisema kurasa mbili. Nilimwambia miaka ishirini na mitatu haiingii kwenye kurasa mbili, lakini kwa kuwa sitagusia mshahara, tutaokoa nafasi. Hata huo mshahara ungeingia kwenye nusu mstari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ireri, mwalimu mstaafu, mweka hazina wetu wa wakati huo. Siku yangu ya kwanza hakunipa ufunguo wala muhuri. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mama, Jumapili uje na nguo isiyo na mfuko." Nilikasirika. Nikafikiri ananiona mwizi. Jumapili nikamkuta naye amevaa suruali ambayo mifuko yake imeshonwa ikafungwa kwa uzi mweupe, kila mtu aione. "Sasa tuko sawa," akasema. "Tuhesabu."

Kuhesabu sadaka kwake kulikuwa na utaratibu wake. Watu wawili, kila wakati wawili, hata kama mmoja ana homa. Wa kwanza anahesabu, anaandika, anafunika. Wa pili anahesabu bila kujua wa kwanza alipata ngapi. Na sarafu zinaanza. Niliuliza kwa nini tusianze na noti, kwa kuwa noti ndizo pesa zenyewe. Akasema ukianza na noti, ukifika kwenye sarafu umechoka, unazisukuma tu. "Na anayetoa sarafu ndiye ametoka nyumbani akiwa na hiyo tu." Nimemwona mzee huyo, magoti yake yote mawili mabovu, akiingia chini ya meza kutafuta shilingi tano iliyoviringika, huku watu wa kwaya wakimsubiri afunge ofisi.

Jambo la pili alilonifundisha ni majina. Alikuwa na daftari kubwa la kila mtu kuona, limeandikwa kiasi na tarehe tu. Halafu alikuwa na kidaftari kingine kilichofunikwa kwa karatasi ya kalenda kama cha mtoto wa darasa la pili, na humo ndimo yalimokuwa majina ya waliosaidiwa. Wazee wawili walikikagua kila mwaka kuhakikisha kwamba watu hao wapo kweli. Zaidi ya hao hakukifungua mtu. Kanisa jirani walikuwa wakiwaita wahitaji mbele, wanapewa unga huku wanapigwa picha. Mzee Ireri alisema mtu akipigwa picha na unga mara moja, mara ya pili atachagua kulala njaa. Kawira, kompyuta yako ni nzuri, lakini tafuta namna ya kuifunika kwa karatasi ya kalenda.

Pesa zenyewe zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye mnada. Kwa asiyeujua, baada ya ibada watu wetu huleta walichovuna: mkungu wa ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu ambaye amepiga kelele mahubiri yote. Vitu vinawekwa mbele, na Njeru, fundi viatu mwenye sauti ya kuamsha wafu, anavinadi. Uzuri wa mnada wetu ni kwamba anayenunua mara nyingi husema, "Kirudi kanisani," na kitu kinauzwa tena. Nakumbuka boga moja liliuzwa mara sita. Mwishowe lilichukuliwa na mgeni aliyekuwa hajui desturi, akalibeba akaenda nalo kulipika. Tulimtazama kana kwamba ameondoka na mimbari.

Mzee Ireri alipofariki, mwenyekiti wa kamati ya huruma akawa Mzee Nyaga, mkulima wa chai, mtu mwaminifu asiyependa kusumbuliwa na jambo jipya. Kwa ajili yake tuliandika kanuni: mfuko utatoa chakula, dawa na karo, basi. Ilikuwa kanuni nzuri. Miaka mingi ilinipunguzia kazi ya kufikiri, na mimi sikuwa napinga kupunguziwa kazi.

Kisha, katika mwaka wangu wa mwisho kabisa kazini, kiangazi kikarudi Kiambere, kibaya kuliko kile cha kabichi. Safari hii nilituma mahindi. Magunia arobaini, moja kwa kila nyumba iliyoandikwa na wazee wa kule, mawili kwa zile zenye watu wengi na kwa wajane. Lori likaenda, likarudi, na dereva akaniita nyuma ya lori.

"Karani, kuna gunia moja limerudi."

"Limerudi vipi? Umesahau kulishusha?"

"Nilishusha. Mama akalipandisha tena. Amekupa na hii."

Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa msichana lakini maneno ya mtu mzima: "Asanteni kwa magunia mawili. Moja linatutosha. Hili nawarudishia mniletee majani ya mbuzi. Ni mimi Ciambaka, mjane."

Miaka yote hiyo, gunia la huruma halikuwahi kurudi. Kamati ilikaa ikalitazama kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Ana njaa, halafu anatuchagulia?" alisema Mzee Nyaga.

"Labda tumuulize," nikasema.

"Haya. Nenda umuulize."

Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi. Nilijaribu kusema mgongo unaniuma. Nikajaribu kusema ng'ombe wangu anakaribia kuzaa. Mzee Nyaga akasema mgongo ataukanda mume wangu, na ng'ombe atazalishwa na huyo huyo. Alhamisi nikashuka Kiambere kwa pikipiki kutoka Kiritiri, nimeshikilia kiuno cha kijana nisiyemjua, nikitubu dhambi moja moja kila tulipokuta kona.

Ciambaka alikuwa mama mrefu, mwembamba, wa umri wangu, anaishi juu ya kilima na mjukuu wake. Mimi nikisema Kiembu, yeye Kimbeere, tulielewana vizuri, ila kila mmoja alidhani mwenzake ana mafua. Alinipa kigoda, akanitazama usoni.

"Kwani wewe ndiye wa kabichi?"

Nikasema ndiyo, huku nikitafuta pa kuficha uso.

"Mbuzi wangu walikula zile kabichi. Matumbo yakawaendesha siku tatu." Akacheka hadi akashika mbavu. "Basi leo angalau umekuja uwaone."

Akanipeleka zizini. Walikuwa kumi na wanne, na mbavu zao ungezihesabu ukiwa umesimama mbali. Kule chini bwawa lilikuwa linang'aa, maji mengi hadi yanaudhi, lakini kingoni hapakuwa na jani. Maganda ya migunga yalikuwa yameokotwa yakaisha. Kisha akanieleza mambo ambayo karani wa miaka ishirini na mitatu alipaswa kuyajua bila kuelezwa. Mjukuu wake, Muringo, alikuwa kidato cha tatu. Kila muhula mbuzi mmoja au wawili walikuwa wanauzwa Kiritiri, karo inalipwa. Sasa mbuzi aliyekonda namna hiyo bei yake ilikuwa imeshuka hadi karibu na ya kuku. Mlanguzi alikuwa amesema Ijumaa ya wiki inayofuata ataleta pikapu awachukue wote kumi na wanne, kwa pesa ambazo hazingemaliza hata karo ya muhula mmoja.

"Nikiwauza, tutakula," akasema. "Mahindi yenu yataisha, tutakula hizo pesa, nazo zitaisha. Halafu Muringo atarudi hapa tukae tukitazamana. Nikikataa na wafe, nimekosa mbuzi na nimekosa hizo pesa kidogo."

"Na ukipata majani?"

"Nikipata ya wiki tano, sita, mvua itanikuta nao. Hata kama si wote." Akafunga mlango wa zizi. "Mimi sijakataa chakula chenu, mama. Nimeomba kile nilichopungukiwa."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo ikanikosesha raha ya chai yangu. Miaka yote nilikuwa nimewapelekea watu kile tulichokuwa nacho sisi, nikaita huruma.

Jumamosi kamati ikakaa. Nikaeleza. Mzee Nyaga akafungua kanuni, ambayo niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, akanisomea taratibu kama mtu anayemsomea mgonjwa.

"Chakula, dawa, karo. Mbuzi wako wapi hapa?"

"Mzee, hao mbuzi ndio karo. Tukilipa ya muhula huu, ya ujao italipwa na nani kama wamekufa?"

"Kwa hiyo unataka nisimame kwenye mkutano wa mwaka niseme sadaka ya wajane wa Kibugu tumewalisha mbuzi?"

"Sema tumemlipia msichana shule."

"Kupitia kwa nani?"

"Kupitia kwa mbuzi."

Kamati nzima ikacheka, nami nikacheka nikidhani nimeshinda. Nilikuwa nimeshindwa. Wakapiga kura, mikono sita kwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa wangu, na ulikuwa umeinuliwa nusu. Na lazima niwe mkweli kwenu vijana: hawakuwa watu wabaya. Kanuni inayovunjwa kwa sababu karani amehurumia mtu mmoja, kesho itavunjwa kwa sababu karani ana binamu. Mzee Ireri angepiga kura pamoja nao.

Lakini mnada haukuwa kwenye kanuni. Nilimwendea mchungaji nikamwomba jambo dogo: mfuko tusiuguse, ila Jumapili ile mwenye majani ya ng'ombe ya ziada ayalete kama anavyoleta ndizi. Akafikiri, akasema hajawahi kusikia sadaka ya majani, lakini pia hajasikia ikikatazwa.

Jirani yangu, Mama Mbogo, ndiye mwenye majani ya mabingobingo mengi kuliko wote pale kwetu. Tumepakana miaka thelathini, na hajawahi kunisifu kwa jambo lolote. Nilipomweleza, aliniuliza nimepanga kuyapeleka vipi. Nikasema tunakata, tunapakia, tunaondoka.

"Mabichi?"

"Si ndiyo yana maji?"

"Wambeti, ukiyarundika mabichi kwenye lori yatachemka, yataota ukungu, utampelekea yule mama mbolea. Yanakatwa, yanaanikwa siku tatu, yanageuzwa. Changanya na mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe. Kwani shule ulienda kufanya nini?"

Nilifika kidato cha nne. Somo hilo sikumbuki.

Jumapili kanisa lilinuka kama zizi safi. Mafungu yalipangwa kutoka mimbarini hadi mlangoni. Njeru akainua fungu la kwanza, akapiga chafya, akaanza: "Majani ya sadaka! Nani mia moja?" Watu wakacheka, na kwa dakika nzima hakuna aliyeinua mkono. Niliona aibu ikinipanda kutoka kwenye soksi. Kisha upande wa akina mama sauti ikasema, "Mia mbili, na yarudi kanisani." Alikuwa mke wa Mzee Nyaga.

Mzee Nyaga akageuka akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mbele. Njeru, ambaye haachi nafasi ya bure ipite, akasema, "Mwenyekiti, nyumbani kwako kumeamka. Naona mia mbili. Nasikia mia tatu?" Akapata mia tatu. Akapata mia tano. Fungu moja likauzwa mara nne, lile lile. Lilipoisha la mwisho tulikuwa na majani yote, maana hakuna aliyebeba hata jani, na pesa za kununulia mabua zaidi. Pesa za lori hazikutosha.

Ndipo Mzee Nyaga akasimama. Akajifuta uso na leso. "Mimi nalipa lori," akasema. "Isiandikwe mbuzi. Iandikwe lori." Akaketi. Niliandika lori.

Jumatatu hadi Jumatano uwanja wa kanisa ulikuwa umetandazwa majani, na Mama Mbogo akitembea katikati na uma wa kugeuzia, akifokea kila mtu akiwemo mchungaji. Alhamisi lori likaondoka. Jioni mzee wa kanisa la kule akanipigia simu: "Majani yamefika." Nikauliza Ciambaka amesemaje kuhusu mlanguzi. Simu ikakatika, kama kawaida ya kule.

Tukapeleka lori la pili wiki tatu baadaye, na dereva akashusha mzigo kanisani tu. Ciambaka hakuwa na simu. Sikujua kama alimfukuza yule mlanguzi au alichoka akamruhusu. Mtu anaweza kushukuru kwa majani na bado auze mbuzi. Nilijiambia si kazi yangu kujua. Msaada ukishatolewa umetolewa. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na sikujisadiki hata siku moja.

Mvua ilifika Novemba. Mara tu barabara ilipopitika nikaomba safari, mimi mwenyewe, bila kusukumwa. Mume wangu aliniuliza kama ninaumwa. Mama Mbogo akasema anakuja pia, akaone majani yake yalienda wapi. Ilikuwa safari yangu ya mwisho kama karani.

Kilima chote kilikuwa kimebadilika rangi. Niliona zizi kabla ya nyumba, nikaliona liko wazi na tupu. Nikakaa juu ya jiwe. Mama Mbogo akaendelea kutembea.

"Unakalia nini hapo? Wako malishoni," akasema. "Inuka."

Walikuwa mteremkoni, upande wa bwawa, vichwa ndani ya majani. Nilihesabu. Mzee Ireri angefurahi. Nilihesabu kisha nikamwambia Mama Mbogo ahesabu bila kumwambia nilipata ngapi. Kumi na mmoja, sote wawili. Ciambaka alikuja akipangusa mikono, akatueleza: wawili walikufa katika wiki ya nne, wale wazee. Mmoja aliuzwa mwezi uliopita, kwa bei ya mbuzi, si ya kuku, na Muringo yuko shule anafanya mtihani wa mwisho wa muhula. Mlanguzi alikuja ile Ijumaa, akakuta mbuzi wanakula, akanywa uji akaenda zake.

Tukaketi mlangoni. Ciambaka alinishika mikono yote miwili, akaanza kunishukuru, na alishukuru vizuri, bila haraka. Kanisa lenu, karani wetu, mama uliyetoka mbali, Mungu akuzidishie. Machozi yalinilengalenga. Nilijitengeneza kwenye kigoda, nikakohoa kidogo, nikaanza hotuba fupi ya unyenyekevu: kwamba mimi ni chombo tu, kwamba katika miaka ishirini na mitatu ya utumishi nimejifunza...

Mama Mbogo akaweka kikombe chini.

"Wambeti, majani yalikuwa yangu, lori la Nyaga, mbuzi ni wa huyu mama na akili ya majani ni yake. Wewe ulikuwa unaandika tu. Nyamaza, chai inapoa."